Leja, Vishikio na Picha za Kampuni ya Mazishi: Umkabidhi Nani?

Kampuni ya mazishi ikiuzwa, mnunuzi huchukua magari, jokofu na jina la biashara. Stoo ya nyuma humwachia mwenyewe. Humo mna leja zenye jalada la ngozi iliyokwisha, inayoacha unga mwekundu mikononi kila ukiigusa. Mna vibao vya majina ambavyo havikuwahi kupigiliwa popote, sanduku la sampuli za vishikio vya jeneza, katalogi za sanda, picha za farasi waliovishwa manyoya meusi kichwani, na kumbukumbu za vikao vya chama cha fani tangu enzi za babu. Mwana au binti wa mwenye kampuni ana wiki mbili kabla ya kukabidhi funguo. Lori la taka limeshaulizwa bei.

Makala hii ni ya mtu huyo, na ya katibu wa chama aliyerithi kabati la mafaili asijue alifanyie nini. Walio tayari kupokea ni wa aina nne: chama cha fani chenyewe, makumbusho ya mazishi, hifadhi ya nyaraka ya umma au ya chuo kikuu, na mradi wa kuskani nyaraka na kuziweka mtandaoni. Kila mmoja ana anachokiweza na anachokiharibu.

Kabla ya kuchagua, fungua ukurasa mmoja wa leja. Mstari mmoja una jina la marehemu, umri, mahali alipofia, urefu na upana wa jeneza, aina ya mbao, idadi ya vishikio, malipo ya kaburi, magari yaliyokodiwa, na mwisho kabisa jina la aliyelipa. Pembeni kuna alama za kalamu: kalipa nusu, kalipa yote, hajalipa; mara nyingine, deni limesamehewa. Mwanahistoria anaona humo gharama ya kuzika mtu kwa miaka hamsini mfululizo. Mjukuu anaona mahali pekee palipoandikwa bibi yake alizikwa wapi. Na yule ambaye babu yake ndiye "hajalipa" anaona aibu ya ukoo ikiwa imeandikwa kwa wino mweusi.

## Vigezo

Nimewauliza wote wanne maswali matano. Umiliki: ukishatoa, mali ni ya nani, na unaweza kuidai? Uelewa: mpokeaji anajua kitu hiki kilifanya kazi gani? Wasomaji: nani ataruhusiwa kukiona? Siri: majina, madeni na sababu za vifo vitalindwa vipi? Uhai: mtunzaji mwenyewe akifilisika au akifungwa, vitu vitakwenda wapi?

Hilo la tano ndilo ninalolipa uzito zaidi, na ndilo watu wasiloliuliza. Inashangaza kidogo, kwa watu ambao kazi yao yote ilikuwa kuwauliza wenzao kama wamejiandaa kwa siku ya mwisho.

## Chama cha fani

Vyama hivi ni vya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Wazishi wa jimbo la Michigan, Marekani, waliunda chama chao 1880. Mwaka 1882 wenzao wa majimbo mengine walikutana nao Rochester, New York, wakaanzisha chama cha kitaifa, ambacho leo kinajulikana kwa herufi NFDA. Walitaka pia jina jipya: hawakupenda kuendelea kuitwa wazishi, wakajiita wasimamizi wa mazishi. Uingereza, chama cha wazishi kilichoanza 1905 nacho kililiacha neno hilo 1935, kikawa NAFD. Huwezi kuielewa safari hiyo, kutoka fundi seremala aliyeuza majeneza pembeni hadi mtaalamu mwenye cheti ukutani, bila kusoma kumbukumbu za vikao. Nani mwingine angezitunza?

Kwa upande wa uelewa, chama hakina mpinzani. Mpe mhifadhi wa kawaida kipande cha chuma chenye skrubu na tundu, atakiandika "kifaa, matumizi hayajulikani". Mpe mzee aliyeifanya kazi hiyo maisha yake yote, atakigeuza mara moja mkononi na kukuambia ni kiegemeo cha kichwa cha meza ya kuandalia maiti, kinapandishwa hivi, kinafungwa pale. Maelezo hayo hayapo kwenye katalogi yoyote. Mzee akiondoka, yanaondoka naye.

Umiliki ndipo penye ulegevu. Makabidhiano ya chama huwa ya kirafiki: mwenyekiti anafahamiana na baba yako, masanduku yanaingizwa ofisini, mnakunywa chai, hakuna karatasi iliyosainiwa. Miaka kumi baadaye ofisi inahama na hakuna anayejua masanduku yale ni ya nani. Wasomaji ni wanachama kwanza. NFDA ilijenga maktaba iliyopewa jina la Howard C. Raether, aliyeiongoza kwa miongo kadhaa, lakini chama cha kawaida hakina mkutubi, na mtu wa nje anayetafuta kaburi la babu yake atajibiwa siku katibu akipata nafasi.

Kuhusu siri, watu hawa wamezoea kufunga mdomo, na hiyo ni sifa. Tatizo ni kwamba wanaweza kufunga hata yasiyo siri. Marekani ilianza 1984 kuzilazimisha kampuni za mazishi kumpa mteja orodha ya bei ya kila kitu kimoja kimoja, na chama kikubwa cha fani kiliipinga kanuni hiyo ilipokuwa ikiandaliwa. Anayetaka kujua watu walitozwaje kabla ya hapo, leja ni shahidi wake muhimu. Je, shahidi huyo utamweka nyumbani kwa mmoja wa walioshtakiwa? Sisemi chama kitachana kurasa. Nasema kina sababu ya kupenda kurasa fulani kuliko nyingine.

Vilevile angalia ni chama kipi. Wasimamizi weusi wa Marekani, waliofungiwa milango na vyama vya wazungu, walijenga chama chao ambacho mizizi yake inafika 1924 na ambacho leo kinajulikana kama NFDMA. Leja ya kampuni iliyozika watu weusi wakati wa ubaguzi ikiingizwa kwenye mkusanyiko wa chama kikubwa cha wote, inaweza kumezwa, ikawa sanduku moja kati ya mia.

Na uhai? Chama cha wasimamizi wa mazishi cha jimbo la Illinois kilikuwa na makumbusho yake mjini Springfield, karibu na makaburi ya Oak Ridge alikozikwa Abraham Lincoln. Mahali pazuri, watalii wapo, nia njema ipo. Chama kikaingia matatizo ya fedha, na 2009 makumbusho yakafungwa. Mkusanyiko uliishia kwenye makumbusho madogo ya kaunti mjini Carthage, jimbo hilohilo. Haukupotea, na hilo ni la kushukuru. Ila waliotoa vitu vyao viwe jirani na kaburi la Lincoln hawakupanga viende Carthage.

Chama kinamfaa mwenye nyaraka zinazohusu chama chenyewe: vikao, kanuni za maadili, picha za mikutano mikuu, vyeti vya mafunzo. Kinamfaa pia mwenye vifaa visivyojulikana vinavyohitaji mtu wa kuvitambua kabla havijaenda kwingine.

## Makumbusho ya mazishi

Makumbusho yanapenda kitu chenye umbo. Makumbusho ya mazishi ya Vienna, Austria, yana jeneza la kutumika tena na tena la enzi za mfalme Joseph II: limetobolewa chini na kuwekewa mlango, unavuta wenzo, marehemu anashuka kaburini, jeneza linarudi kwa anayefuata. Mfalme alitaka kubana matumizi ya mbao. Watu walikasirika hadi agizo likaondolewa 1785. Unaweza kusoma kisa hicho kitabuni ukakisahau, lakini ukisimama mbele ya ule mlango wa mbao na bawaba zake husahau tena. Makumbusho hayo yalifunguliwa 1967, na tangu 2014 yamo ndani ya makaburi makuu ya jiji.

Houston, Texas, kuna Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Mazishi, yaliyofunguliwa 1992 na Robert L. Waltrip, mwanzilishi wa kampuni kubwa ya mazishi ya SCI. Humo mna majeneza ya Ghana yaliyochongwa kwa maumbo ya vitu alivyopenda marehemu, na basi la mazishi aina ya Packard la 1916 lililotengenezwa libebe jeneza, wabebaji na waombolezaji kwa pamoja. Mwaka huohuo wa 1992 Kassel, Ujerumani, palifunguliwa makumbusho ya utamaduni wa makaburi, yakisimamiwa na jumuiya ya makaburi na kumbukumbu iliyoanzishwa 1951. Ona tofauti ya wazazi: Vienna ni kampuni ya jiji, Houston ni mtu wa fani mwenye uwezo, Kassel ni jumuiya. Ukitaka kujua makumbusho yataishi vipi, uliza nani anayalea.

Umiliki hapa uko wazi kuliko kwenye chama. Utapewa hati ya zawadi, utasaini, na kuanzia hapo si chako. Soma kifungu cha kuondoa vitu: makumbusho mengi hubaki na haki ya kuuza au kuhamisha wasichokihitaji. Kuna pia njia ya kukopesha, mali ikabaki yako, ila siku hizi wengi wanaikwepa kwa sababu ya bima na usumbufu. Uelewa ni mzuri, hasa pale makumbusho yanaposhirikiana na fani. Houston waliandaa onyesho la historia ya uchomaji maiti pamoja na CANA, chama cha uchomaji maiti cha Amerika Kaskazini kilichoanzishwa 1913. Chama kilileta ujuzi na vitu, makumbusho yakaleta kuta, taa na wageni.

Wasomaji ni wengi, lakini ni watazamaji zaidi kuliko wasomaji. Leja yako itafunguliwa ukurasa mmoja chini ya kioo, kurasa nyingine 400 zitabaki gizani. Na kitu chako kinaweza kisionyeshwe kabisa. Vingi vya vitu vya makumbusho hulala stoo, kwa hiyo mwambie mapema shangazi aliyepanga kupeleka wajukuu. Siri hutegemea ukurasa uliofunguliwa. Omba usiwe wa watu wanaokumbukwa na walio hai.

Kuna aina moja ya makumbusho inayostahili kutajwa peke yake: jengo lenyewe kubaki. Newman Brothers wa Birmingham, Uingereza, hawakuzika mtu. Walitengeneza vishikio na mapambo ya majeneza, na walishona sanda. Kampuni ilianza 1882, ikafunga 1998. Mmiliki wa mwisho hakukubali kiwanda kigawanywe vipande vipande, na baada ya miaka mingi ya kutafuta fedha, taasisi ya kuhifadhi majengo ya Birmingham ikakifungua kama makumbusho 2014. Bidhaa bado ziko rafu zilezile, mashine za kugandamiza chuma ziko palepale, cherehani ziko chumba cha sanda. Vitu hivyohivyo vikigawanywa makumbusho sita tofauti vingekuwa mapambo tu. Lakini jihesabu: 1998 hadi 2014 ni miaka 16, na jengo halikujitunza.

Makumbusho yanamfaa mwenye vitu vya ukubwa na umbo: gari la farasi, meza, vifaa, majeneza, nguo za kazi. Kwa leja peke yake, mara nyingi si mahali pake.

## Hifadhi ya nyaraka ya umma au ya chuo kikuu

Hapa sitakaa sana, kwa sababu ubora wake ni wa kuchosha: joto halipandi wala kushuka, masanduku hayana asidi, kila karatasi ina namba, na mtu yeyote mwenye sababu ya msingi anajaza fomu na kusoma. Umiliki una milango miwili, zawadi au amana. Amana ni bora kwa familia isiyo na uhakika: mali inabaki yenu, wao wanaitunza, na masharti yameandikwa. Wasomaji ni wote. Siri inashughulikiwa kwa kufunga nyaraka kwa miaka mnayokubaliana, na kwa leja za mazishi hilo ni jambo kubwa. Mtoto aliyezaliwa mfu, aliyejiua, aliyezikwa kwa msaada, wote wamo. Uhai ni mrefu kuliko wa chama chochote, ingawa bajeti za umma nazo hukatwa.

Udhaifu ni uelewa, na pia uchaguzi. Hawapokei kila kitu. Watachukua leja na barua, watakurudishia kiegemeo cha kichwa. Na foleni ya kuorodhesha inaweza kuwa ya miaka.

Mfano ninaoupenda unatoka kwa jumuiya, si kampuni. Jumuiya ya uchomaji maiti ya Uingereza iliundwa 1874 na daktari mpasuaji Sir Henry Thompson, ikajenga tanuri Woking, na Machi 1885 mtu wa kwanza akachomwa humo. Ni taasisi yenye kiburi cha kutosha kujitunzia historia yake. Hata hivyo nyaraka zake zimo maktaba ya Chuo Kikuu cha Durham, ambako anayeipinga na anayeiunga mkono wanajaza fomu ileile. Chama kilichojua mipaka yake, basi. Kikabaki na kazi yake, karatasi kikawapa wenye kazi ya kuzitunza.

Njia hii inamfaa mwenye leja, barua, mikataba, mafaili ya kesi na vikao, hasa kama anataka visomwe na watu asiowajua.

## Skana na mtandao

FamilySearch, shirika la nasaba la Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilianza kupiga nyaraka filamu 1938, na 2021 lilimaliza kuzigeuza filamu zake, zaidi ya milioni mbili, kuwa picha za kidijitali. Rekodi za kampuni za mazishi zimo. Maktaba ya kidijitali ya Georgia, Marekani, nayo imeweka mtandaoni programu za mazishi ya Wamarekani weusi kutoka Augusta, zile karatasi zenye picha ya marehemu na wasifu wake, ambazo watu huweka ndani ya Biblia kisha husahau.

Wasomaji hapa ni dunia nzima, na umiliki wa asili unabaki kwako. Uelewa ni wa maandishi tu. Skana haijui kwamba alama ndogo ya msalaba pembeni ya jina ilikuwa mkato wa mwenye kampuni. Siri ndiyo hatari kubwa, kwa kuwa kilichotoka mtandaoni hakirudi. Uhai una pande mbili: nakala nyingi haziungui kwa pamoja, lakini diski ikiachwa droo bila kuguswa inaweza kufa kimya, bila moshi wala harufu. Nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja iwe mji mwingine.

Kinachoniudhi ni watu wanaoskani kisha wanatupa leja. Picha ilipigwa vibaya, kurasa mbili zilishikana, ukingo ulikatwa, na hakuna pa kurudi kuangalia. Njia hii inamfaa karibu kila mtu kama nyongeza. Peke yake inamfaa tu yule ambaye karatasi zake zimeshaliwa na maji au mchwa.

## Kuvigawa bila kuvitawanya

Wengi wataishia kugawa, na ni sawa. Sharti ni moja: kabla kitu cha kwanza hakijatoka stoo, andika orodha inayoonyesha kipi kilikaa na kipi. Picha ya farasi ikienda makumbusho na leja ikaenda chuo kikuu, kila upande upewe nakala ya orodha hiyo. La sivyo, miaka thelathini baadaye kutakuwa na picha ya mazishi makubwa yasiyojulikana ya nani, na leja yenye mazishi makubwa yasiyo na picha.

Kuhusu usalama: chupa za zamani za dawa ya kuhifadhia maiti zinaweza kuwa na aseniki, iliyotumika sana Marekani tangu vita ya wenyewe kwa wenyewe hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Usizifungue, usimwage. Filamu za zamani za nitrati nazo hushika moto kwa urahisi na huwa ngumu kuzima. Mwambie mpokeaji kabla hujapakia gari.

## Kwa hali yako

Ikiwa kampuni imefungwa na una leja zaidi ya vitu, anza na hifadhi ya nyaraka, omba amana badala ya zawadi, na kubalianeni miaka ya kufunga majina. Chama kiombe kitu kimoja tu: wazee wawili waje siku moja wakusaidie kusoma alama za pembeni, mkiwa mmewasha kinasa sauti.

Ikiwa una vitu vikubwa na vya kupendeza macho, makumbusho kwanza. Uliza nani analipa mishahara yao, na kifungu cha kuondoa vitu kinasemaje.

Ikiwa wewe ndiye katibu wa chama na kabati limejaa, tazama Durham na Houston kwa pamoja: karatasi kwa chuo, vitu kwa makumbusho, na chama kibaki na ujuzi, nakala na jina lake kwenye kibao. Chama chenye jengo lake, mkutubi na akiba inayoeleweka hakina haja ya kukimbilia huko, ila kiandike leo ni nani atakayerithi mkusanyiko.

Ikiwa kampuni yenu bado inafanya kazi, msitoe leja za karibuni. Skanini za zamani, kopesheni vitu viwili vitatu, na wekeni kwenye katiba ya kampuni nani apewe mkifunga.

Na ikiwa una siku mbili tu na lori liko nje: piga picha kila rafu kabla hujaigusa, toa leja kwanza, kisha kumbukumbu za vikao, kisha picha zenye majina nyuma. Katalogi zifuate. Majeneza matupu yanaweza kusubiri.